Kanali Shoup pale Tarawa, 1943: kwa nini nishani ya juu ilikwenda kwa mtu aliyesimama nyuma ya handaki?

Mwalimu_Lushoto ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari huku Lushoto, na Alhamisi jioni tuna klabu ya wanafunzi wanaopenda kusoma Vita vya Pili vya Dunia nje ya mtaala. Muhula huu tumeingia Bahari ya Pasifiki, na sasa tuko Tarawa, atoli (duara la visiwa vya matumbawe), kwenye kisiwa chake kidogo cha Betio, ambako Divisheni ya 2 ya Marine ya Marekani ilipigana na Wajapani kuanzia tarehe 20 hadi 23 Novemba 1943.

Binti mmoja wa kidato cha tatu amenibana kwa swali, na jibu langu halijamridhisha. Amesoma kwamba kwa mapigano yale watu wanne walipewa Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya Marekani. Watatu walipewa wakiwa wameshakufa: Luteni William Hawkins, Luteni Alexander Bonnyman na Sajini William Bordelon. Wote hao walikufa wakishambulia mahandaki kwa mabomu ya mkono na baruti. Wa nne, Kanali David Shoup, kamanda wa waliotua, alitoka hai. Binti ananiuliza: "Mwalimu, huyu muda mwingi alikuwa nyuma ya handaki anatoa amri. Wenzake wamekufa. Heshima yake na yao inakuwaje moja?" Tena akaongeza kwamba mpango wa kutua aliuandika Shoup mwenyewe, na kwa mpango huohuo mashua zilikwama kwenye matumbawe na vijana wakauawa majini.

Naomba wanaofahamu, hasa waliowahi kuvaa gwanda, mnisaidie. Nataka nimpelekee jibu lenye nyama.

---

Signali_Mstaafu:

Mwalimu, mpe pongezi huyo binti. Ameuliza swali ambalo maofisa wengi hawaliulizi mpaka wanastaafu.

Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano jeshini tangu nikiwa kuruta hadi nilipovua sare, kwa hiyo Tarawa naitazama kupitia redio, na nitajibu kutokea huko. Bila redio huwezi kuelewa kwa nini yule kanali alisimama pale.

Kwanza jiografia. Betio ina urefu wa kilomita tatu hivi, na palipo papana zaidi haifiki kilomita moja. Ndani yake Wajapani walikuwa karibu 4,800, tukihesabu na vibarua wa Kikorea. Kamanda wao, Admirali Keiji Shibazaki, alikuwa na mahandaki ya zege na magogo ya minazi yaliyofukiwa kwa mchanga, na bunduki za rashasha zilizopangwa ili risasi zake zikutane juu ya maji. Kisiwa kizima kinazungukwa na mwamba wa matumbawe unaotokeza mamia ya mita baharini.

Shoup alikuwa ofisa wa operesheni wa divisheni. Kamanda wa Rejimenti ya 2 aliugua siku chache kabla ya kutua, basi Meja Jenerali Julian Smith akampandisha Shoup cheo na kumkabidhi rejimenti ile, ingawa hakuwahi kuongoza kikosi kikubwa vitani. Alipewa kwa sababu ndiye aliyeujua mpango.

Sasa kuhusu huo mpango, binti asimhukumu haraka. Smith na Shoup waliomba mizinga iwekwe kwanza kwenye kisiwa jirani, na waliomba kisiwa kipigwe kwa siku kadhaa kabla ya kutua. Yote walikataliwa. Kikosi chao cha akiba nacho kilichukuliwa na wakubwa. Mizinga ya meli ikapiga kwa muda wa saa tatu tu hivi, asubuhi ya siku yenyewe. Kilichobaki mikononi mwa Shoup kilikuwa magari ya minyororo yanayoelea, 125, yanayoweza kupanda juu ya matumbawe. Akayapanga yabebe mawimbi matatu ya kwanza. Na usiku wa kuamkia shambulio hakumdanganya mtu. Alimwambia mwandishi wa habari Robert Sherrod kwamba mawimbi ya kwanza yatafika, lakini mashua za kawaida zikikosa kina, watu watalazimika kutembea majini huku wanapigwa risasi. Ikawa hivyohivyo.

Magari ya kwanza yaligusa mchanga saa 3 na dakika 10 asubuhi. Baada ya hapo kila kitu kikaanza kuvunjika. Mashua zikakwama, vijana wakashuka kwenye maji ya kifuani na kutembea nusu kilomita na zaidi bila pa kujificha. Na redio zikaloa.

Hapa naomba nikae kidogo. Nimewahi kuwa kwenye zoezi la kutua ufukweni. Wimbi moja likaingia kwenye mashua, na kabla hatujafika nchi kavu seti yangu ilikuwa imekufa. Maji ya chumvi hayahitaji dakika nyingi. Ofisa wangu alikuwa mita mia mbili kutoka kwangu na hakujua kama tumefika au tumezama. Lile lilikuwa zoezi, hakuna aliyekuwa anatupiga risasi. Pale Betio redio za vikosi karibu zote zilikufa kwa namna hiyohiyo, na meli ya kivita Maryland, alikokuwa Jenerali Smith, kila ilipofyatua mizinga yake mikubwa ilizima mitambo yake yenyewe ya mawasiliano. Kwa hiyo una jenerali asiyesikia, makamanda wa batalioni wasioonana, na askari waliolala chini ya ukuta wa magogo ya minazi wasiojua kulia kwao kuna nani.

Katika hali hiyo kazi ya kamanda ni ipi? Kupatikana. Kuwa mahali ambapo tarishi akitumwa atamkuta, na akirudi bado atamkuta.

Shoup alijaribu kuingia mara kadhaa akarudishwa na risasi, akafika gatini, akashuka majini. Vipande vya kombora vilimwingia miguuni, na risasi ikamparuza shingoni. Alifika nchi kavu karibu saa sita mchana akiwa anachechemea, akaweka makao yake pembeni ya handaki la Wajapani hatua chache kutoka ukingo wa maji. Handaki hilo lilikuwa bado lina Wajapani hai ndani. Akaweka askari kwenye matundu yake ili wasitoke, na yeye akasimama upande wa pili na ramani yake. Mwambie binti kwamba hilo ndilo handaki lenyewe. Hapakuwa mahali pa usalama. Kisiwani hapakuwa na nyuma.

Hakuondoka hapo. Alikataa kupelekwa melini kutibiwa. Alipotaka jenerali ajue hali halisi, hakungoja redio ipone: alimwita Luteni Kanali Evans Carlson, aliyekuja pale kama mwangalizi tu, akamwomba arudi hadi Maryland amwambie jenerali kwa mdomo kwamba watu wa Betio hawataondoka, watapigana hapohapo. Wakati huohuo Smith kule melini alikuwa ametuma taarifa kwa wakubwa wake kuomba ile akiba, akisema matokeo bado yana shaka. Hadi jioni watu 5,000 hivi walikuwa wametua, na 1,500 kati yao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Kuna jambo moja la usiku ule linaloniuma kila nikilisoma. Batalioni ya Meja Lawrence Hays ilikuwa kwenye mashua, tayari kutua. Shoup alidhani wanakuja kwake, jenerali alidhani wamepokea amri nyingine, na wao hawakupokea amri yoyote. Walikaa mashuani karibu saa ishirini, wanatapika, wameloa, wanangoja. Asubuhi amri ilipofika wakashushwa juu ya matumbawe mbele ya rashasha zilezile za jana. Wengi walikufa wakiwa bado majini. Ujumbe mmoja tu uliopotea.

Sasa kilichogeuza vita. Upande wa magharibi Meja Michael Ryan, kamanda wa kombania, alijikuta peke yake na mabaki ya vikosi mbalimbali kwa sababu kamanda wa batalioni yake hakuweza kutua. Akawakusanya watu wale wasio na mwenyewe, akapata vifaru viwili na ofisa mmoja wa kuelekeza mizinga ya meli ambaye redio yake ilikuwa bado hai. Asubuhi ya tarehe 21 akasafisha ufukwe wote wa magharibi kwa muda wa saa moja hivi. Kupitia ufukwe huo batalioni nzima ya kikosi cha akiba iliingia jioni bila kupigwa risasi. Hakuna aliyemwamuru Ryan kila hatua. Lakini Shoup alipopata habari aliujua uzito wake mara moja, na aliacha kila meja apigane kwa akili yake mahali alipo, badala ya kuwavuta wote kwake.

Na alasiri ya siku hiyo ya pili Shoup alituma ripoti ambayo mimi ningeibandika kwenye kila darasa la signali: majeruhi ni wengi, asilimia ya waliokufa haijulikani, uwezo wa kupigana: tunashinda. Tazama alivyoipanga. Habari mbaya kwanza, kisha asichokijua anasema hakijui, kisha hukumu yake. Nimepokea ripoti nyingi maishani mwangu kutoka kwa watu waliokuwa na kahawa mezani, na chache sana zilikuwa na ukweli kiasi hicho.

Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu kwa binti: Hawkins, Bonnyman na Bordelon waliheshimiwa kwa walichofanya kwa mikono yao. Shoup aliheshimiwa kwa sababu alisimama mahali pamoja, ameumia, hajalala, kwa zaidi ya saa thelathini, na watu waliokuwa wamepoteana wakapata pa kurudi. Yeye mwenyewe hakujiweka juu ya wale watatu. Alisema wazi kwamba ni nadra kumpa luteni sifa ya kushinda vita, ila Hawkins alikaribia hapo kuliko mtu yeyote. Uwanja wa ndege wa Betio ukapewa jina la Hawkins.

---

Nahodha_Kilindoni:

Shikamoo Afande. Umeeleza vizuri, niongeze upande wa maji maana huo ndio wangu, naendesha chombo hapa Mafia.

Mwalimu, wanafunzi wako wa milimani labda hawajaona bamvua na maji mafu, waeleze. Mwezi ukiwa mpya au mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu: hayajai vya kutosha wala hayapwi vya kutosha. Nahodha mwenye chombo kizito havuki mwamba siku za maji mafu. Anangoja.

Tarehe 20 Novemba 1943 mwezi ulikuwa karibu na robo ya mwisho. Maji mafu. Mashua zile zilihitaji karibu futi 4 za maji kupita. Wamarekani walikuwa na ofisa, Meja Frank Holland, aliyewahi kuishi visiwani kule miaka mingi, na aliwaonya kwamba hata futi 3 hazitapatikana. Wakubwa walikuwa na ratiba yao ya Pasifiki nzima, hawakutaka kungoja siku nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua. Mwaka 1987 mwanafizikia wa Texas, Donald Olson, alikokotoa mwenendo wa mwezi wa siku zile, akakuta kwamba mwezi haukuwa nusu tu, pia ulikuwa umefika mbali kabisa na dunia katika mzunguko wake. Mvuto ukapungua kwa sababu mbili kwa pamoja. Ndiyo maana maji yalizubaa juu ya matumbawe kwa karibu siku mbili nzima, hayapandi, hayashuki. Hakuna nahodha ambaye angeyajua hayo kwa macho.

Kwa hiyo mimi nasema Shoup asibebeshwe lawama ya bahari. Alijua maji yanaweza kukataa, ndipo akaweka yale magari ya minyororo mbele. Bila yale magari hakuna ambaye angefika ukutani. Ila waliochagua tarehe, hao wana la kujibu.

---

Dada_wa_Kisauni:

Nimewasoma wote kwa makini na sina ubishi juu ya ushujaa wa huyo kanali. Ninachoomba Mwalimu asiondoke na hadithi ya upande mmoja.

Betio ni kwa watu, ni nchi ya Kiribati leo, na watu wanaishi pale kwa wingi juu ya mchanga uleule. Wajapani walipojenga ngome yao waliwahamisha wenyeji wa Betio wakawapeleka visiwa vingine vya atoli. Oktoba 1942, mwaka mmoja kabla ya Marine kufika, waliwaua mateka 22 palepale: walinzi wa pwani 17 wa New Zealand pamoja na raia 5. Hao nao wana mnara wao Betio.

Kisha vibarua wa Kikorea. Walipelekwa kuchimba mahandaki kwa ajili ya vita isiyo yao, zaidi ya elfu moja. Wakati mapigano yanakwisha walikuwa hai 129. Wajapani wenyewe walibaki 17. Watu zaidi ya 4,600 walikufa upande ule, na upande wa Marekani karibu 1,000 waliuawa na 2,000 hivi kujeruhiwa, yote ndani ya saa 76, kwenye ardhi ambayo unaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Na bado wanatolewa mchangani. Huyo Bonnyman aliyetajwa, mwili wake ulipatikana 2015, miaka zaidi ya 70 baadaye, akazikwa kwao Knoxville, Tennessee. Tukizungumza heshima, mimi naanzia hapo: kumrudisha mtu kwao.

---

Signali_Mstaafu:

Dada yangu, nakuunga mkono kwa kila neno. Niongeze moja kwa upande wa Shibazaki, kwa sababu linahusu fani yangu. Alikuwa ametandaza simu za waya kisiwa kizima, na mabomu ya asubuhi ya kwanza yaliikatakata sehemu kubwa. Wanahistoria wengi siku hizi wanaamini aliuawa siku hiyohiyo ya kwanza na kombora la meli, wakati anahamisha makao yake. Usiku ule Marine walikuwa wamebanwa kwenye vipande vya ufukwe, wamechoka, risasi chache. Wajapani wangeshambulia kwa pamoja, sidhani kama tungekuwa tunamjadili Shoup leo. Hawakushambulia. Walipigana kila handaki kwa nafsi yake hadi mwisho, kwa ushupavu mkubwa, lakini hakuwepo mtu wa kuwaunganisha. Ukiweka pande mbili hizo pamoja utaona kile ninachomaanisha ninaposema kamanda apatikane.

---

Mwalimu_Lushoto:

Afande, Nahodha, Dada, ahsanteni sana. Nimechapisha majibu yenu, Alhamisi tunayasoma kwa sauti. Swali moja la mwisho kabla sijawaacha mpumzike: Shoup baada ya vita alikuwa mtu wa namna gani? Nishani ilimlewesha?

---

Signali_Mstaafu:

Hapana, na hili ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi.

Nishani alivishwa 1945. Akaendelea na jeshi, na 1960 akawa Kamanda Mkuu wa Kikosi cha Marine, akipita juu ya majenerali waliomtangulia. Moja ya mambo aliyoyagusa mapema ni vile vifimbo ambavyo maofisa walitembea navyo kwapani. Hakuvipiga marufuku. Alisema tu kwamba anayeona anakihitaji, akibebe. Vikatoweka.

Wakati wa Rais Kennedy, watu wa Washington walipokuwa wanazungumzia kuivamia Cuba kama jambo la wiki moja, inasimuliwa kwamba Shoup aliweka ramani ya Cuba juu ya ramani ya Marekani ili waone ukubwa wake halisi. Kisha akaweka juu yake karatasi nyingine yenye kidoa kidogo chekundu. Wakamuuliza kidoa ni nini. Akawajibu kwamba hiyo ndiyo Tarawa, na kuiteka kulihitaji siku tatu na Marine 18,000.

Alistaafu mwishoni mwa 1963. Vita vya Vietnam vilipopanuka, kuanzia 1966 alivipinga hadharani, na wenzake wengi wa zamani walimtenga kwa hilo. Hakurudi nyuma. Alifariki Januari 1983, akazikwa Arlington.

Alhamisi, Mwalimu, usianze na Shoup. Anza na ramani: mchore Betio ubaoni, mweke Ryan magharibi, gati katikati, Hays mashuani nje ya matumbawe, kisha futa mistari yote ya mawasiliano na umwachie binti chaki. Muulize yeye angesimama wapi.